Chama cha Askari Waandishi Kisipolea Wapya Hakitaishi

Ndugu wanachama,

Wenzetu kadha wa kadha tulio nao relini, ambao kwao ni Garsen, Ngao, Kipini na Hola, wametuletea swali, nasi tumeona lafaa lijibiwe katika karatasi hii ili kila tawi lisome. Wanasema ya kwamba kule kwao, katika Mto Tana, wako wazee na vijana wengi waliotumika jeshini na polisi, na kwamba baadhi yao wanataka kufanya chama cha askari waandishi, yaani chama cha watu waliovaa buti na sasa wanataka kushika kalamu. Swali lao ni hili: chama namna hiyo kimpokee nani, na akishapokewa afanyiwe nini?

Huenda mwanachama mmoja akasema, "Reli haijafika Garsen, na vita si kazi yetu. Sisi yatuhusu nini?" Kweli reli haijafika Garsen, lakini watu wa Garsen wamefika relini. Tena askari waliostaafu tunao kati yetu, wengine ni walinzi wa yadi, wengine ni gadi, wengine wako karakanani. Na jambo la kulea wanachama wapya ni jambo la kila chama, hata chetu hiki. Chama kinachokusanya wajuao tu, kisiwafundishe wasiojua, ni kama karakana isiyochukua wanagenzi. Siku mafundi wakistaafu, milango hufungwa.

Kwanza na tutazame kwa nini askari aandike. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tunadhani habari za vita nazo ni mali, na Mto Tana wenyewe una ushahidi.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusi 11 walipigwa mpaka wakafa, kwa kuwa walikataa kazi waliyolazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya siku zile ilisema ya kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Ndugu, fikirini jambo hili: watu 11 wamevunjwa mifupa, na karatasi inasema maji. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba waliuawa kwa kipigo, na mwezi wa Julai mwaka ule ule neno hilo likasemwa katika Bunge la Uingereza. Lakini angalieni mpango wake: uongo ulikuwa wa kwanza kuandikwa, kwa sababu mwenye kalamu alikuwa upande ule. Ukweli ulibidi kutafuta karatasi yake baadaye.

Ushahidi wa pili ni wa wapagazi wa Kariakoo, wale waliobebeshwa mizigo ya vita katika 1914 mpaka 1918. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti, ikakiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wafikao 350,000, waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika ya Mashariki na Misri. Sababu moja ilikuwa ubaguzi, nao tunaujua. Sababu nyingine ni kwamba majina hayakuandikwa, au yaliandikwa yakapotea. Pale Nairobi na Mombasa zipo sanamu za askari, nazo zina maneno ya kuwaahidi ya kwamba watoto wao watawakumbuka. Lakini mtoto atamkumbukaje babu ambaye jina lake halimo katika daftari lo lote?

Ushahidi wa tatu unahusu haki. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228 walioteswa zamani za Mau Mau. Wazee wale walisimama wakasema mambo yao, yakaandikwa, yakalinganishwa na majalada yaliyokuwa yamefichwa Uingereza kwa miaka mingi. Wangapi walikufa kabla mtu hajakaa nao na kuandika? Sisi wafanya kazi twajua habari hii. Mtu akiumia kazini na hakuna karatasi iliyoandikwa siku ile, mwajiri husema hakuumia.

Wala kuandika vita si jambo geni katika mto huu. Wazee wa Ozi na Kipini wanasimulia habari za Fumo Liongo, shujaa wa vita na tena mtunga mashairi, na mapokeo yanasema kaburi lake liko upande huo huo. Habari zake zilisimuliwa kwa mdomo mpaka Muhammad Kijumwa wa Lamu alipozitungia utenzi mwaka 1913. Na sauti ya wimbo wa taifa letu ilitoka wapi? Ilitoka katika wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Mwaka 1963 mzee Meza Morowa Galana aliwaimbia waliokuwa wakitafuta sauti ya wimbo wa taifa, nao wakaiandika. Wimbo ule ulikuwako Tana siku zote. Uliokoka kwa sababu mwenye kujua alikutana na mwenye kuandika. Basi kazi ya chama tunachokizungumza ni hiyo hiyo, kuwakutanisha.

Sasa twafika katika swali lenyewe. Wako wanaosema chama cha waandishi kiwe cha waandishi tu, na kwamba mtu alete kitabu chake kwanza ndipo apewe kadi. Wanaogopa kwamba wakipokea kila mtu, chama kitakuwa baraza la kunywa kahawa. Hofu yao si ya bure. Lakini twaona dawa yao ni mbaya kuliko ugonjwa, maana kwa kanuni hiyo Garsen nzima haitapata wanachama wa kujaza meza moja, na hao watakuwa wakubwa watupu.

Hebu tutazame vitabu vilivyokwisha kutoka. Mwaka 2014 jeshi la Kenya lilitoa kitabu juu ya vita vyake katika Somalia vilivyoanza Oktoba 2011. Mwaka 2019 Luteni Jenerali Daniel Opande alitoa kitabu cha maisha yake na kazi yake ya kulinda amani katika nchi za Afrika. Twafurahi navyo, na wakubwa wengine na waandike pia. Lakini vita anavyoviona jenerali penye ramani sivyo anavyoviona dereva wa lori katika barabara ya Garsen kwenda Witu na Lamu, ambako mabasi yalisafiri kwa kusindikizwa na askari. Operesheni ya msitu wa Boni ilianza mwaka 2015, na vita vya Shifta vya 1963 mpaka 1967 viliwafikia hata watu wa Tana. Je, koplo aliyelala porini usiku ule, na mama aliyehamishwa kijijini mwake, watakiandika kitabu lini, kama chama kinawaambia walete kitabu kwanza?

Sisi wa reli tunalo jibu katika historia ya kazi yetu. Zamani za injini za mvuke hakuna mtu aliyeajiriwa kuwa dereva siku ya kwanza. Aliingia kama mfutaji wa injini, na tambara lake la mafuta. Akafuta mpaka akajua kila bomba kwa jina. Kisha akawa faiamani, akachochea moto huku akimtazama dereva na kujifunza kilima kilipo na mahali pa kufunga breki. Ndipo baada ya miaka akapewa injini. Hata leo, ingawa injini ni za dizeli, dereva mpya hukaa kwanza kando ya dereva mzee. Mbona tunataka mwandishi aanze na injini nzima?

Na mfano mzuri wa neno hili ni mwenzetu wa relini. Waruhiu Itote aliingia Keya mwaka 1942, akapigana Burma, akarudi akiwa koplo. Baada ya vita alifanya kazi relini, kazi ya faiamani. Halafu akaingia msituni, akaitwa Jenerali China, akashikwa Januari 1954. Akafungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, na huko gerezani Kenyatta akamfunza Kiingereza. Mwaka 1967 kitabu chake kikatoka, nacho husomwa mpaka leo na kila atafutaye habari za msitu ule. Basi koplo, faiamani, mtu wa elimu ndogo, aliandika kitabu, na kati ya bunduki na kitabu palikuwa na mwalimu. Kama Kenyatta angalimwambia, "Andika kwanza, ndipo nitakufunza," kitabu kile kisingalikuwako.

Wako na wengine. Robert Kakembo wa Uganda alikuwa askari katika vita vikuu vya pili, na mwaka 1946 alitoa kitabu kidogo cha kueleza askari Mwafrika anafikiri nini na anataka nini akirudi nyumbani. Bildad Kaggia alitumika katika jeshi la Mwingereza mpaka Mashariki ya Kati na Uingereza, akarudi akawa kiongozi wa chama cha wafanya kazi kama sisi, na mwaka 1975 akaandika kitabu cha maisha yake. Gakaara wa Wanjau aliingia jeshini 1940, akawekwa kizuizini katika siku za hali ya hatari, akaandika na kuficha karatasi zake humo kizuizini. Kitabu kilichotoka katika karatasi hizo kilipata tuzo ya Noma mwaka 1984. Na jeshi lenyewe, katika vita vya 1939 mpaka 1945, lilikuwa na kikosi cha walimu na gazeti la Kiswahili lililoitwa Askari. Watu walijifunza kusoma na kuandika wakiwa kambini. Kwa hiyo mtu asituambie ya kwamba askari wetu hawawezi. Waliweza walipofunzwa.

Hata mbali mambo ni hayo. Marekani kipo chama cha waandishi wa mambo ya jeshi, nacho kinawapokea askari na jamaa zao. Mwanachama akileta kitabu, wenziwe hukisoma na kukieleza uzuri na upungufu wake, na vilivyo bora hupewa nishani. Nishani hizo Garsen haina. Lakini kusomana hakuhitaji fedha, na ndiko kunakomkuza mwandishi.

Basi, tukijibu swali la wenzetu, twashauri hivi:

1. Mlango uwe mpana. Apokewe kila aliyeshika silaha au kubeba mzigo wa vita, na mjane wake, na mwanawe anayetaka kuandika habari za babaye. Asiulizwe kitabu. Aulizwe kama yu tayari kufanya kazi. Ada iwe ndogo, na iruhusiwe kulipwa wakati wa maembe au mtu auzapo mbuzi, si kila mwisho wa mwezi kama kwamba wote wana mshahara.

2. Kila mpya apewe mlezi wake kwa jina. Si kusema "wazee watamsaidia," maana kazi ya wote si kazi ya mtu. Mlezi mmoja asiwe na wapya zaidi ya watatu, na waonane angalau mara moja kila mwezi. Sisi tuliosoma misheni tulifundishwa ya kwamba Paulo alimlea Timotheo, na Timotheo akaagizwa awafundishe wengine. Na wenzetu Waislamu watakumbuka ya kwamba chuoni mtoto hapewi Kurani nzima siku ya kwanza, huanza na alifu.

3. Kazi iwe kwa daraja. Kwanza mpya aandike majina tu: askari wa kikosi chake aliowajua, kwao ni wapi, nani alirudi na nani hakurudi. Kazi hii hata mwenye elimu ya darasa la nne aiweza, na asiyejua kuandika amtajie mwanawe aandike. Daftari la majina peke yake ni hazina, kama tulivyoona katika habari ya Kariakoo. Pili, aandike siku moja: waliamka saa ngapi, walikula nini, maji walipata wapi, walitembea kutoka wapi mpaka wapi. Tatu, aandike jambo moja kubwa, na tarehe zake zilinganishwe na cheti chake cha kutoka jeshini. Nne ndiyo sura ya kitabu.

4. Pembeni ya kila habari aandike moja ya maneno mawili: "niliona" au "nilisikia". Si kosa kuandika uliyoyasikia. Kosa ni kuyachanganya. Mlezi asikubali karatasi isiyo na alama hiyo.

5. Vyeo viachwe mlangoni. Hili ni gumu kwa askari, na ndilo litakaloua chama mapema kama halikutazamwa. Meja mstaafu akisema, "Haikuwa hivyo, kaa chini," na koplo akakaa, habari ya koplo imekufa. Mwenye cheo aandike yake na koplo aandike yake, na zote mbili ziwekwe. Msomaji atapima.

6. Afundishwe yasiyofaa kuandikwa. Sheria za nchi zinakataza kutoa siri za jeshi, nasi hatushauri mtu avunje sheria. Tena si sheria peke yake. Jina la mtu aliyetoa habari porini na bado anaishi kijijini laweza kumwua. Mpya afunzwe neno hili mapema, kabla ya kujifunza mapambo ya lugha.

7. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mpya awe mlezi. Tunalijua tawi moja la wafanya kazi ambalo katibu wake alikuwa hodari mno. Barua zote aliandika yeye, daftari zote aliweka yeye, na hakumfunza mtu. Alipostaafu, tawi halikuwa na mtu wa kuandika hata barua ya kuomba mkutano. Wanachama walikuwa wengi, ada ililipwa, na bado tawi likalala miaka miwili.

Sasa tuna neno la mwisho, nalo ni la Tana hasa. Kutoka Agosti 2012 mpaka mwanzo wa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa huko Tana Delta, Wapokomo na Waorma, na wanawake na watoto wamo. Ugomvi ulikuwa wa malisho, maji na mashamba, na siasa ikatia kuni. Katika kila upande wako waliotumika jeshini na polisi bega kwa bega, wakala chungu kimoja. Chama cha askari waandishi kikipokea wapya wa upande mmoja tu, basi daftari zake zitakuwa hesabu za visasi, na heri zisiandikwe. Kwa hiyo twashauri kanuni hii: karatasi ya mwanachama Mpokomo isomwe kwanza na mwanachama Muorma, au Mwardei, na ya Muorma isomwe kwanza na Mpokomo. Msomaji huyo asiwe na haki ya kufuta neno. Awe na haki ya kuandika chini yake, "Sisi tulivyoliona ni hivi." Na lugha iwe Kiswahili, ambacho wote wanacho na hakuna aliye mgeni ndani yake.

Najua wako watakaosema kanuni hiyo itachosha na itachelewesha vitabu. Twakubali itachelewesha. Lakini mtu aliyezoea kusoma habari ya jirani yake na kuijibu kwa kalamu amejifunza jambo ambalo Garsen inalihitaji kuliko vitabu kumi.

Tawi lo lote lenye wanachama watokao Tana, au lenye askari wastaafu, na lifanye neno moja kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka. Wanunulieni daftari na kalamu kwa fedha za tawi, si fedha nyingi. Mwenzetu akienda likizo Garsen na akae na mzee mmoja tu, aandike majina ya kikosi cha mzee yule, akitia alama "niliona" na "nilisikia" kama tulivyosema. Arudipo aache daftari moja kwa mzee na nakala ailete tawini. Wakipatikana watu watano wenye daftari namna hiyo, chama chao kimekwisha kuzaliwa, na walezi wa kwanza ni hao.

Wazee wa Keya wamebaki wachache sana, na wa vita vya Shifta sasa ni wazee. Tusingoje mwaka mwingine.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa chama